Chubwi

Mvuvi wa mshipi hana shida na neno hili: chubwi ni ile risasi inayozamisha ndoana. Bildi ya nahodha ni nyingine. Hiyo hupima kina. Basi hata chambo bandia cha Wamarekani, kile chenye vibati vinavyozunguka, kina chubwi yake, iliyosubiwa shingoni mwa ndoana. Kwenye maji ya kina kifupi, yaliyotulia, gramu 7 zatosha. Penye kina au upepo, 14. Vibati vipana hukiinua chambo, kwa hiyo ongeza chubwi au vuta polepole. Samaki aina ya besi wa Ziwa Naivasha, walioletwa kutoka Marekani miaka ya 1920, hawajali tunaiitaje. Wahariri wa kurasa za michezo, nyinyi jalini: andikeni chubwi, si “uzito wa kuzamishia”.