Kijiti na Tundu: Wasioona Walivyoingia Ukumbi wa Sataranji

Kila anayejifunza sataranji huonywa mapema: ukiigusa kete yako kwa nia ya kuicheza, lazima uicheze. Sasa mtu asiyeona, ambaye vidole ndivyo macho yake, ataujuaje ubao bila kuupapasa?

Njia mojawapo ilikuwa kucheza kwa barua. Posta haina ngazi, wala haiulizi nani anaona. Reginald Bonham, mwalimu wa hisabati katika shule ya wasioona mjini Worcester, naye mwenyewe asiyeona, aliwabwaga wenye macho yao na kutwaa ubingwa wa Uingereza wa sataranji ya barua. Huyo ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuanzisha chama cha kimataifa cha wachezaji wasioona, na mwaka 1961 Olimpiadi yao ya kwanza ikafanyika Meschede, Ujerumani Magharibi.

Leo kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, zinampa asiyeona ubao wake mwenyewe, usiopungua sentimita 20 kwa 20. Miraba myeusi imeinuka kidogo, kila mraba una tundu, kila kete ina kijiti cha kuchomekea, na kete nyeusi zimetiwa alama. Apapase atakavyo, kete huhesabiwa imeguswa pale tu inapochomolewa tunduni. Mzizi wa fitina ukakatwa.

Katika ukumbi ambako hata kikohozi kinakera, hatua hutajwa kwa sauti, na mpinzani huirudia kabla ya kuicheza kwenye ubao wake. Herufi za miraba husikika kwa kukaribiana mno, hivyo zikapewa majina: Anna, Bella, Cesar, David, Eva, Felix, Gustav, Hector. Namba nazo ni za Kijerumani. Askari akienda e4, utasikia "Eva vier". Ulimi ukiteleza, msemaji ajisahihishe kabla saa ya mpinzani haijaanza kwenda.

Wasioona hawakuwa peke yao: viziwi nao walikuwa na chama chao tangu 1949. Mwaka 2023, mjini Belgrade, FIDE iliandaa Olimpiadi yake ya kwanza ya watu wenye ulemavu, na Polandi ikatwaa ubingwa.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, nionavyo mimi, adha haiishii mlangoni. Mashindano mengi humhamisha mchezaji meza kila raundi kufuata alama zake, naye apenye katikati ya safu za viti. Waandaaji wanaoijua kazi humpa meza moja ya kudumu, wapinzani wakamfuata yeye. Haigharimu hata senti.