Waraka wa Siri Uliofika Maktabani

Mwezi wa Julai 2005, makachero wawili wa FBI waliingia katika ofisi ya jumuiya ya maktaba huko Windsor, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, wakamkabidhi mkurugenzi wake, George Christian, waraka uliomtaka atoe habari za waliotumia kompyuta fulani tarehe 15 Februari ya mwaka ule, tangu saa kumi alasiri hadi saa kumi na dakika 45. Waraka haukuwa na sahihi ya hakimu, ila ya afisa wa FBI mwenyewe. Kisha ulimkataza aliyeupokea asimwambie mtu yeyote kwamba ameupokea.

Asili ya nyaraka za namna hii ni sheria ya mwaka 1978 iliyolinda siri za benki, ikawaachia wapelelezi mwanya mwembamba kwa ajili ya majasusi wa kigeni. Walakini baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, sheria iitwayo Patriot ililiondoa sharti la kuwa anayetafutwa ashukiwe kuwa wakala wa dola ya kigeni, ikawa yatosha afisa athibitishe kwamba habari zile zahusiana na uchunguzi. Na mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria alipochunguza miaka ya 2003 hadi 2005, alikuta madai 143,074 ya habari yaliyotolewa kwa nyaraka za namna hii.

Christian aliwajibu makachero kwamba kwa maoni yake jambo lile lapingana na katiba, kisha yeye na wenzake watatu wa halmashauri ya jumuiya ile, Peter Chase, Barbara Bailey na Janet Nocek, wakaishtaki serikali kwa majina ya kuficha. Kesi yao ilipokuwa ikisikizwa Bridgeport, wao wenyewe walizuiwa wasihudhurie, ikawabidi waitazame kwa televisheni katika chumba kilichofungwa huko Hartford, wasije wakatambulikana.

Mwezi wa Septemba 2005 hakimu Janet Hall alihukumu kwamba kuwafunga vinywa ni kinyume cha uhuru wa kusema, lakini serikali ikakata rufaa na marufuku yakaendelea. Nami naiona dhuluma kubwa kuliko zote kuwa ni hii, ya kwamba Baraza la Kongresi lilijadili sheria ileile na kuihuisha Machi 2006 ilhali wale waliokuwa na ushahidi wa namna inavyotumika hawakuruhusiwa kutamka neno, na wiki chache tu baadaye ndipo serikali ikalegeza marufuku, hatimaye ikayaacha na madai yenyewe. Nicholas Merrill wa New York, mwenye kampuni ya intaneti, aliyepelekewa waraka wa namna hiyo mwaka 2004, hakupata ruhusa kamili ya kueleza yaliyokuwamo hadi mwaka 2015.