Mtoto Alipoanza Kuja na Gari

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga Bagamoyo, na katika maisha yake yote ya kuzalisha, mpaka uzee ulipomkuta, hakuwahi kuona mtoto mchanga akiingia nyumbani kwa mlango. Watoto wa enzi zake walikuwa wakitolewa, si kuletwa. Walizaliwa chumba cha ndani, wakakaa humo na mama zao, na ada zote walizowekewa zilihusu kutoka: kutolewa uani kitovu kikishaanguka, kutolewa mbele za watu arobaini ikitimia. Ada ya kumpokea mtoto anayetoka mahali pengine haikuwepo, maana hakukuwa na mahali pengine.

Mimi mjukuu wake nilisomea uuguzi na ukunga, nikafanya kazi wodi ya wazazi Dar es Salaam mpaka nikastaafu, kwa hiyo jambo hilohilo nimelitazama kutoka upande wa pili. Nilikuwa nikiwaandikia wazazi ruhusa, nikiwaonyesha namna ya kutunza kitovu, kisha nikiwasindikiza mpaka kwenye ngazi ambako teksi ilikuwa inasubiri. Huko walikokwenda, mara nyingi kulikuwa na mtu ambaye fomu zetu hazikumtaja: mtoto wa miaka miwili, ambaye jana au juzi aliamka akakuta mama hayupo. Habari za mama na za mchanga zimeandikwa na wengi. Mimi nataka kuzisimulia za huyu.

Mtu wa kwetu aliyeandika mapema juu ya uzazi wa Pwani ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, jirani na Bagamoyo. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na mwaka 1903 Mjerumani Carl Velten akachapisha kule Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro. Kabla yake, mwaka 1886, Salme binti Said, binti wa Sultani aliyezaliwa kasri la Mtoni, Unguja, mwaka 1844 na kuishia Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alikuwa ameshatoa kumbukumbu zake. Anasimulia jinsi mchanga wa kasri alivyoviringishwa vitambaa, na jinsi siku ya 40 alivyofunguliwa, akanyolewa na kuvishwa vizuri. Nywele zile za kwanza hazikutupwa ovyo. Zilifukiwa, au zikatiwa baharini, au zikafichwa kwenye ufa wa ukuta.

Kwetu hakukuwa na kasri, lakini hesabu ya siku ilikuwa ileile. Bibi alimkanda mzazi kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akamfunga tumbo kwa kanga, akamnywesha uji wa pilipili manga. Mtoto aliadhiniwa sikio la kulia, akakimiwa la kushoto, akatiwa wanja na kufungwa mvuje mkononi. Kondo lilizikwa papo hapo nyumbani. Wageni walipimwa mlangoni kwa macho kabla hawajaambiwa karibu, kwa kuogopa husuda.

Na mkubwa je? Mkubwa alikuwa ameshaachana na ziwa zamani. Kurani inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kutimiza, na Pwani ililinda miaka hiyo kwa ulimi mkali kuliko sheria yoyote. Mama aliyeshika mimba naye ananyonyesha aliambiwa kambemenda mtoto, na baba alisemwa vivyo hivyo, barazani, mbele ya wenzake. Imani hiyo ina mengi ambayo chuoni tulifundishwa kuyakataa, lakini iliwapa watoto nafasi ya kukua. Ukifika wakati, mama alijipaka shubiri kwenye chuchu, mtoto akaonja, akakunja uso, na usiku ule ule akapelekwa kulala kwa bibi yake ili asisikie harufu ya maziwa. Alilia huko. Aliporudi alikuwa anakula ugali na mchuzi wa dagaa kama mtu mzima. Kwa hiyo mdogo wake alipozaliwa, talaka yake na ziwa ilikuwa imeshakwisha eda.

Siku yenyewe ya uchungu watoto walifukuzwa nyumba ya jirani wakacheze. Waliporudi jioni waliambiwa mna mdogo wenu, na mkubwa aliruhusiwa kuingia mle ndani ambamo majirani walizuiwa, kwa sababu yeye ni wa nyumbani, jicho lake halidhuru. Tena alikuwa na maslahi yake. Mzazi alipikiwa kuku na supu ya pweza, vitu ambavyo hatukuviona siku za kawaida, na kwetu kilichobaki bakulini kilikuwa haki ya mkubwa. Bibi alimwita kwa jina aje amalizie. Na jina la mama halikuguswa. Aliyekuwa Mama Asha alibaki Mama Asha hata akizaa wengine tisa. Mchanga alikuja na kila kitu isipokuwa cheo hicho.

Hatari ilikuwa pale mdogo alipokuja mapema. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika mwaka 1933 juu ya watoto waliovimba miguu na kubadilika ngozi, na mwaka 1935 akatumia jina ambalo Waga wa Accra walikuwa nalo tayari, kwashiorkor: maradhi ya mtoto aliyefuatwa na mdogo wake. Sisi tukaja kuyaita kwashakoo na kubandika picha zake ukutani kliniki. Bibi hakuwahi kusikia habari za daktari huyo. Lakini akimwona mtoto nywele zimekuwa nyepesi na za hudhurungi, swali lake la kwanza halikuwa anakula nini. Aliuliza, “Huyu kafuatwa lini?”

Hospitali zilipokuja Pwani zilikuja kwa rangi za watu. Ile ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu; Waafrika na Wahindi walitibiwa ile iliyopewa jina la Sewa Haji, mfanyabiashara tajiri wa Bagamoyo aliyetoa mali yake. Mwaka 1956 ilifunguliwa Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru ikawa Muhimbili. Wanawake wa rika la mama yangu hawakuzikimbilia hospitali hizi kujifungua. Waliuliza maswali ya maana kabisa. Nani atanikanda? Kondo litakwenda wapi? Nani atamwadhini mtoto? Tuliwajibu kwa kuwaambia waje na beseni, wembe, uzi na kanga safi. Hilo la kondo wengi wetu tuliliruka. Lilikwenda shimoni nyuma ya jengo, na mama alijua.

Kilichowaleta mwishoni ni vifo. Kila mtaa ulikuwa na mwanamke aliyevuja damu mpaka alfajiri huku wakunga wakisoma dua, na bibi yangu alikuwa na wake, ambao majina yao aliyataja kila Ijumaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka mama yangu hospitali kunizaa mimi, baada ya kumzalisha kaka yangu kwa mikono yake.

Hapo ndipo mkubwa alipoingia kwenye taabu ambayo hakuna aliyemtayarishia. Ukunga tulioufuata ulikuwa wa Kiingereza, nao ulitaka mzazi alazwe siku 10 hivi. Watoto wadogo hawakuruhusiwa wodini, na sehemu nyingi hawaruhusiwi hata leo ikiwa hawajatimiza miaka 12. Nimeona akina baba wakisimama nje ya dirisha saa za kuona wagonjwa, mtoto kabebwa mabegani, wanamwonyesha: yule pale, mama yule. Mama anapunga mkono nyuma ya vioo. Mtoto anatazama mti, anatazama kunguru, anatazama kila kitu isipokuwa dirisha. Baba anacheka, anasema hamwoni. Alikuwa anamwona vizuri sana.

Watu wazima wakapata na uongo mpya. Zamani mtoto akiuliza mdogo wake ametoka wapi alijibiwa kwa ukali au hakujibiwa. Sasa jibu likawa jepesi: kanunuliwa hospitali. Mji mzima ulilikubali. Ubaya wake ni kwamba mtoto wa miaka miwili na nusu anajua biashara. Ameshatumwa dukani, anajua kitu kibaya kinarudishwa. Alikuwepo mmoja aliyemfuata baba yake mpaka kwenye dirisha la malipo, akamwambia kwa sauti kwamba kwa hela hizo bora wangenunua baiskeli. Foleni nzima ilicheka, mimi nikiwemo.

Bibi yangu aliielewa hali hii mpya upesi kuliko sisi wenye vyeti. Gari la kwanza kuleta mchanga kwetu, Bagamoyo, lilikuta ameshajipangia. Mama alishuka mikono mitupu. Hilo lilikuwa sharti. Mchanga alibebwa na shangazi, akasubirishwa nyuma kidogo, ubani ukifukizwa. Mkubwa aliyekuwa amejificha nyuma ya mtungi aliachwa atoke mwenyewe. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemwambia njoo umwone mdogo wako. Akatoka, akashika gauni la mama, akainuliwa, akanusa shingo yake na kugeuza uso kwa sababu mama alinuka dawa ya hospitali. Wakakaa mkekani hivyo hivyo kwa muda. Ndipo bibi akamwekea mchanga mapajani, miguu imenyooshwa, mkono wa bibi chini ya kichwa kwa siri, na kutoka kwenye mikunjo ya kanga ya mchanga ikachomoza karatasi ya tende. “Mdogo wako kakuletea.” Mkubwa akala tende mbili, akamtazama yule mtu, akauliza mbona hana meno.

Ada hiyo bibi hakuirithi kwa mama yake, maana mama yake hakuwahi kusubiri gari. Aliitunga, na nyumba za jirani zikaiga. Baadaye tende zikawa biskuti, na biskuti zikawa kigari cha plastiki. Nikiwa mwanafunzi nilimcheka, nikaona ni hongo. Sasa naona ni akili ya mtu aliyetazama mlango na kujua nani anaumia pale.

Wenye hospitali kongwe kuliko zetu hawakuwa na bibi huyo. Huko Uingereza, James na Joyce Robertson walitoa mwaka 1969 filamu juu ya John, mtoto wa miezi 17, aliyewekwa siku 9 katika nyumba ya kulelea watoto huku mama yake akiwa hospitali kujifungua na baba yake akienda kazini. Walezi walikuwa wema, ila walibadilishana zamu, na kila mtoto alimgombania aliyepo. John alianza kwa utulivu, akaishia kulala sakafuni amekumbatia mdoli mkubwa kuliko yeye, hataki chakula. Mama alipokuja kumchukua alipiga kelele na kumsukuma. James Robertson hakuwa mgeni wa jambo hili. Mwaka 1952 alikuwa ameshatoa filamu nyingine, ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali, na madaktari wengi hawakuipenda. Nilipoelezwa habari za John nilimkumbuka yule wa mabegani, aliyetazama kunguru.

Leo siku za kulazwa zimepungua sana. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto wabaki kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua salama, na wodi zilivyojaa, saa hizo zikitimia kitanda kina mwenyewe mwingine. Tanzania, waliojifungulia katika vituo vya afya walikuwa asilimia 63 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, wakafika asilimia 81 katika ule wa 2022. Kwa hiyo mtoto wa kuja na gari, au bajaji, ndiye wa kawaida sasa. Mkubwa anaonyeshwa picha ya mdogo wake kwenye simu kabla mama hajatoka leba. Hilo silichukii.

Kilichopungua ni bibi. Bibi wa leo ni mwalimu Mwanza, ana mtihani wa kusimamia, atakuja likizo. Mkubwa anabaki na dada wa kazi, ambaye naye pengine ana miaka kumi na saba na aliacha wadogo zake kijijini. Ndiyo maana nawageukia akina baba. Nimewaona wa siku hizi wanaweza: wanapika uji, wanaogesha, wanasuka hata nywele, vibaya, lakini wanasuka. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Baba anapewa siku 3, nazo azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mke akijifungua kwa upasuaji, siku ya 3 mara nyingi bado yuko wodini, na baba anarudi kazini kabla gari halijafika mlangoni.