Mosoriot 2001: walipopima maongezi ya kazini

Wiki iliyopita ofisi moja hapa mjini ilinipa majibu ya hojaji kuhusu ushirikiano kazini. Waliweka programu mpya, na sasa walitaka grafu ya kuonyesha kwamba wafanyakazi hawapotezi tena muda kuulizana maswali. Grafu ilitoka safi kabisa. Kabla sijaituma nikakumbuka Mosoriot.

Mosoriot kilikuwa kituo cha afya cha mashambani huko Nandi, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kapsabet. Februari 2001, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianza kuweka rekodi za wagonjwa wa pale kwenye kompyuta. Usitarajie maajabu: ilikuwa hifadhidata ya Microsoft Access na umeme wa akiba. Mhudumu alijaza fomu moja ya karatasi, kisha habari zikaingizwa kwenye kompyuta. Kabla ya hapo mambo yaleyale yaliandikwa tena na tena katika madaftari mbalimbali. Kwa miezi 6 ziliingia rekodi 10,000 za wagonjwa 6,190.

Kilichonivutia ni kwamba walipima watu pia, si mashine tu. Walipima muda kabla na baada, na matokeo yakachapishwa 2003, Joseph Rotich akiwa mwandishi wa kwanza. Muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa 22%. Muda wake na wahudumu ulipungua kwa 58%. Kusubiri kulipungua kwa 38%, ingawa p ilikuwa 0.06, yaani juu kidogo ya kile kizingiti cha 0.05 tulichofundishwa darasani.

Na wafanyakazi wenyewe? Muda wa kushughulika wao kwa wao ulishuka kwa theluthi mbili. Muda wa mambo yao binafsi ukaongezeka.

Hapo ndipo penye kitendawili. Unaweza kusema: vizuri, ile kazi ya kurudiarudia imekwisha. Unaweza pia kusema: watu hawaongei tena, ushirikiano umekufa. Takwimu ni ileile! Saa hupima dakika tu. Haijui kama dakika hizo zilikuwa za kuuliza "daftari liko wapi?" au "huyu mtoto wewe unamwonaje?" Swali la kwanza programu inaweza kulimaliza. La pili likipotea, tumepata hasara.

Mosoriot haikuishia hapo. Kazi hiyo ilifungua njia kwa mfumo wa AMPATH hapa Eldoret, na kuanzia 2004 ikajengwa OpenMRS, programu huria ambayo leo inatumika katika nchi nyingi.

Mimi grafu sikuituma. Nilirudisha hojaji na swali moja la ziada: zamani mlikuwa mkiulizana nini? Bosi wao hakufurahi, na malipo yangu yamesogezwa mbele. Potelea mbali, heri kuchelewa kuliko kudanganya kwa rangi nzuri.

Je, wewe umewahi kupima ushirikiano ofisini kwenu? Ulihesabu nini? Nieleze.