Kimanda cha Sekunde 15: Saturday Kitchen na Watazamaji Wake

Kila Jumamosi saa nne asubuhi kwa saa za Uingereza, mtu maarufu huketi ndani ya studio ya televisheni London akisubiri kuambiwa atakula nini. Ameshataja mbele ya nchi nzima chakula anachokipenda kuliko vyote, na kingine ambacho hata harufu yake haitaki. Cha kwanza ndiyo pepo yake, cha pili ndiyo jehanamu yake. Viungo vya vyakula vyote viwili vimekwisha pangwa, na walioko majumbani wanapiga kura. Jehanamu ikishinda, mtu mzima na heshima zake atatafuna maini hadharani huku akijilazimisha kutabasamu.

Kipindi chenyewe ni Saturday Kitchen cha BBC One. Kilianza Januari 2002, na sasa kimevuka miongo miwili hewani. Watangazaji wamekuja na kuondoka, kampuni za kukitengeneza zimebadilika, wapishi wasiohesabika wamepita. Watazamaji ndio wamebaki, na manung'uniko yao.

Na manung'uniko hayakosekani. Mpishi katia siagi utadhani ana ng'ombe wake. Mgeni anaongea mpaka sufuria inasahaulika. Samaki aliyetumika hapatikani duka la mtaani, na akipatikana, bei yake ni ya arusi. Mtangazaji anamkatiza mpishi kila anapotaka kueleza jambo la maana. Na huo mvinyo unaomiminwa saa nne asubuhi, watoto wanatazama! Jumamosi inayofuata, haohao wako palepale, kikombe cha chai mkononi. Ikumbukwe kwamba Mwingereza huilipia BBC kwa leseni ya televisheni, iliyopanda Aprili 2025 hadi pauni 174.50 kwa mwaka, kwa hiyo anapolalamika anajiona kama mwenye nyumba anayemsema mpangaji.

Tabia hiyo ni kongwe kuliko kipindi chenyewe, na kila ukiifuatilia nyuma unakutana na kimanda.

Januari 1937, televisheni ya BBC ikiwa na miezi michache tu tangu izinduliwe na mawimbi yake hayaendi mbali na London, Mfaransa Marcel Boulestin alisimama mbele ya kamera akawaonyesha Waingereza namna ya kupika kimanda. Watazamaji walikuwa wa kuhesabika. Vita vilipoanza mwaka 1939 matangazo yakazimwa, na yaliporudi mwaka 1946 mpishi mpya wa BBC alikuwa Philip Harben, katika nchi ambayo siagi, mayai na nyama vilinunuliwa kwa kadi ya mgawo. Mgawo haukuisha kabisa mpaka 1954. Mtazamaji wa siku hizo hakuwa na haja ya kubishana kama chakula kimepambwa vizuri. Swali lake lilikuwa atayapata wapi hayo mayai.

Nguvu ya mtazamaji ilionekana waziwazi upande wa pili wa bahari. Mwaka 1962, mjini Boston, Julia Child alialikwa na kituo cha WGBH kwenye kipindi cha vitabu. Kitabu chake cha mapishi ya Kifaransa kilikuwa kimetoka mwaka uliotangulia, na alichotakiwa kufanya ni kukizungumzia. Yeye akaja na jiko dogo la umeme, kikaango na mayai, akapika kimanda palepale mezani. Baada ya hapo kituo kikapokea barua 27 za watu wanaotaka kumwona tena huyo mama mrefu mwenye sauti ya kupanda na kushuka. Ishirini na saba tu! Siku hizi picha ya paka aliyelala hupata zaidi ya hapo kabla chai haijapoa. Lakini kwa kituo kile zilitosha, na Februari 1963 kipindi chake, The French Chef, kikaingia hewani.

Watazamaji hao hao ndio waliomzulia kisa kisichokwisha. Siku moja Child alijaribu kugeuza chapati ya viazi kwa kuirusha, nayo ikamponyoka ikaangukia juu ya jiko. Akaiokota, akairudisha kikaangoni, akawaambia watazamaji kwamba ukiwa peke yako jikoni hakuna anayekuona. Basi. Miaka ikapita, viazi vikageuka kuku, kuku akageuka bata mzinga, na jiko likageuka sakafu. Wamarekani wengi waliapa kwamba kwa macho yao walimwona Julia Child akiokota bata mzinga chini na kumpeleka mezani. Hakuna kipindi chenye tukio hilo.

Uingereza nayo ilishuhudia watazamaji wakimwangusha malkia. Fanny Cradock alitawala mapishi ya televisheni tangu miaka ya 1950. Aliingia jikoni na gauni la dansi, nyusi zimechorwa juu ya paji la uso, sauti ya mwalimu mkuu, na mumewe Johnnie pembeni akipokea amri. Watu walimwogopa na wakampenda kwa pamoja. Mwaka 1976 BBC ilikuwa na kipindi cha The Big Time, kilichowapa watu wa kawaida nafasi ya kufanya kazi ya wakubwa. Mke wa mkulima kutoka Devon, mshindi wa shindano la upishi, akapewa kazi ya kuandaa karamu katika hoteli ya Dorchester, mgeni wa heshima akiwa waziri mkuu wa zamani Edward Heath. Cradock aliletwa kumshauri.

Yule mama akasoma orodha yake kwa unyenyekevu: vyakula vya baharini, bata na mchuzi wa matunda ya blackberry, kisha kitindamlo cha kahawa na krimu. Cradock akazungusha macho. Akavuta pumzi kwa nguvu. Aliposikia habari za ule mchuzi akafanya uso wa mtu anayetaka kutapika, kamera ikimtazama. Mama wa Devon alibaki amekaa na karatasi yake, anajaribu kueleza kwamba nyumbani kwao wanaupenda.

Nchi ilichemka. Watu waliandika na kupiga simu kwa hasira ambayo BBC haikuizoea kutoka kwa watazamaji wa mapishi. Cradock aliandika barua ya kuomba radhi, lakini ndani ya wiki chache mkataba wake ulivunjwa, na hakuongoza tena mfululizo wa mapishi BBC hadi anafariki mwaka 1994. Miaka zaidi ya 20 ya kazi ikazimwa na uso uliokunjwa kwa sekunde kadhaa. Mimi naona adhabu ilizidi kosa, ila nawaelewa walioitoa. Upishi wa mgeni husemwa akishaondoka, tena kwa sauti ya chini.

Jina la Cradock lilirudi kwa mlango wa nyuma, na hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Mwaka 2007, mpishi Gordon Ramsay aliendesha shindano ndani ya kipindi chake cha The F Word, Channel 4, akimtafuta Fanny Cradock mpya. Aliyeshinda ni Ravinder Bhogal, mzaliwa wa Kenya aliyehamia Uingereza akiwa mtoto. Bhogal hakurithi ukali wa marehemu, nashukuru. Mwaka 2016 alifungua mgahawa wake mtaa wa Marylebone, London, akauita Jikoni.

Turudi Jumamosi. Saturday Kitchen kilipozaliwa hakikuwa na makuu: kipindi kifupi kilichorekodiwa, BBC ikishirikiana na Chuo Kikuu Huria cha huko, mtangazaji akiwa Gregg Wallace, mfanyabiashara wa mboga na matunda. Mwaka 2003 akaja Antony Worrall Thompson. Mwaka 2006 yeye na kampuni iliyokitengeneza wakahamia ITV na kipindi cha kufanana nacho, BBC ikaipa kazi kampuni ya Cactus na kumweka James Martin, kijana wa Yorkshire mpenda magari na siagi. Hapo kipindi kikapata sura tunayoijua: dakika 90 mubashara, wapishi wawili wageni, mtaalamu wa mvinyo, na simu.

Simu ndizo zilizokipa ladha. Mtu anapiga kutoka Leeds au Swansea, anamuuliza mpishi afanyeje na kipande cha nyama ya nguruwe alichonacho kwenye friji. Mpishi anamjibu. Kisha, kabla hajakata simu, mtangazaji anamuuliza: pepo au jehanamu? Na huyo ambaye nusu dakika nyuma alikuwa mpole, akiomba msaada, anajibu "jehanamu" kwa furaha isiyofichika, mgeni akiwa palepale anasikia.

Mwaka uliofuata simu hizohizo zikaleta aibu. Mwaka 2007 ndio mwaka ambao televisheni za Uingereza ziliumbuka kwa mashindano ya simu yasiyo ya kweli; GMTV ilitozwa faini ya pauni milioni 2, na hata Blue Peter, kipindi cha watoto, kikatozwa pauni 50,000. Saturday Kitchen nacho kikatajwa. Ilibainika kwamba baadhi ya vipindi vilirekodiwa mapema na kuonyeshwa kana kwamba ni mubashara, huku watazamaji wakihimizwa kupiga simu za kulipia. Aliyekaa na simu sikioni akidhani anazungumza na studio alikuwa anazungumza na kanda. Kwa kipindi chenye hadhi inayotokana na kumwambia mtazamaji "wewe ndiye unayeamua", kosa hilo lilikuwa zito kuliko kimanda kibichi.

Na kimanda kibichi kilikuwepo. Kwa miaka mingi wapishi wageni walishindanishwa kupika kimanda cha mayai matatu, saa ikihesabu. Wapishi wenye nyota za Michelin, watu ambao kwenye migahawa yao mteja husubiri meza kwa wiki, walipiga mayai kama wanaofukuzwa na polisi. Kimanda kilichotoka kabla hakijashikana kilikataliwa, lakini mpaka kati ya kilichoiva na kisichoiva ulikuwa wa kubishaniwa kila wiki. Mwaka 2015 Theo Randall alishuka chini ya sekunde 15. Kuna watazamaji waliosubiri dakika hiyo tu na kuzima televisheni baada yake. Wengine waliiona ni kuchezea chakula, wakauliza nani atakula yale maji ya njano. Niko na hawa wa pili. Kaka yeyote wa chips mayai anayejua kazi yake atakuambia kwamba kikaango lazima kipate moto kwanza, na hiyo peke yake hupita sekunde 15.

Lawama kubwa nyingine ni marudio. Katikati ya kipindi huingizwa vipande vya zamani kutoka maktaba ya BBC, hasa vya mpishi Rick Stein na mbwa wake Chalky, na vya mpishi mwenzake Keith Floyd. Watazamaji husema wameviona mara kumi. Ni kweli. Lakini hebu mtazame Floyd, aliyeanza na Floyd on Fish katikati ya miaka ya 1980: glasi ya mvinyo mkononi, jiko limewekwa juu ya mashua au ukingoni mwa barabara, anamwamuru mpiga picha aache kuupiga uso wake na ashushe kamera kwenye sufuria. Kuna kipande cha Ufaransa ambapo mama mmoja wa Kibaski anaonja mayai na pilipili hoho aliyopika Floyd, anamsema kwa Kifaransa bila huruma. Floyd mwenyewe anawatafsiria watazamaji matusi hayo. Kisha mama anaingia jikoni kumwonyesha inavyopaswa. Floyd alifariki Septemba 2009, na mpaka leo vipande vyake vinachangamsha kuliko mahojiano mengi ya mgeni wa wiki anayetangaza filamu yake.

Martin aliaga Machi 2016, baada ya miaka 10. Ukafuata msimu wa watangazaji wa zamu, Donal Skehan na Angela Hartnett wakiwemo, na kila Jumamosi watazamaji walitoa hukumu kama wazee wa ukoo waliokaa kuchagua mkwe. Huyu ana haraka, yule hana utani. Aliyebaki ni Matt Tebbutt, mpishi aliyewahi kuwa na mgahawa Wales. Mwaka 2017 Martin akafungua jiko lake ITV, Jumamosi asubuhi vilevile, na nyumba zikagawanyika. Wapo waliomfuata na hawajarudi. Wapo wanaoanzia kwa mmoja na kumalizia kwa mwingine, rimoti ikifanya kazi kuliko mwiko.

Tebbutt ameleta utulivu, na wapishi wenye asili za nje sasa hupika vyakula vya kwao bila kuomba radhi kwa pilipili. Hilo ni jema, maana watazamaji wa leo hawasamehe. Mwaka 2020 mchekeshaji wa Malaysia Nigel Ng, kwa jina la Uncle Roger, aliichambua video ya BBC ya wali wa kukaanga, ambamo mpishi alichemsha mchele kwa maji mengi, akaumwaga kwenye chujio na kuusuuza kwa maji ya bomba. Mamilioni walicheka. Wapishi wetu wa biriani wangecheka nao, ingawa wao wenyewe huuchuja mchele ukiwa nusu mbichi kabla ya kuupanga juu ya masala. Kosa lilikuwa lile bomba.

Kura yangu, kama ningeulizwa, ni hii: mgeni apunguziwe dakika kumi, apewe Floyd. Na simu zirudishwe kwenye nafasi yake ya zamani. Kubonyeza kwa siku hizi kwenye simu ya mkononi ili kuchagua pepo au jehanamu hakumfikii yule mtu wa Swansea mwenye kipande chake cha nyama, aliyekuwa anasikika akicheka anapomhukumu mgeni.