Jodel D.11 na Ufufuaji wa Urubani wa Vilabu Ufaransa, 1948–1950

Tarehe 4 Aprili 1950, sampuli ya kwanza ya Jodel D.11 iliruka kwa injini ya Salmson yenye nguvu za farasi 45 tu. Édouard Joly na mkwewe, Jean Délémontez, walikuwa wamerusha D.9 ya kiti kimoja mwaka 1948. Serikali ya Ufaransa, iliyotaka kufufua vilabu vya urubani baada ya vita, ndiyo iliyoagiza ndege ya viti viwili. Jicho huvutwa kwanza na ncha za mabawa zilizoinuliwa juu. Hata hivyo, jambo zito zaidi limo katikati: sehemu hiyo ni bapa na upana wake haubadiliki, hivyo mbavu zake za mbao zilifuata kipimo kimoja. Kwa hiyo toleo la D.112, lenye injini ya Continental ya nguvu za farasi 65, liliundwa viwandani na pia na mafundi wa ridhaa waliofuata michoro.