Darubini ya Mjomba: Historia Fupi ya Jicho la Mwindaji

 

Miezi michache iliyopita mjomba wangu alinipigia simu kutoka Mloka, wilayani Rufiji. Mjomba si mtu wa kuomba. Safari hii aliomba: nimtafutie darubini ya macho mawili, ile ya wawindaji, "lakini usijitie madeni, mpwa wangu." Kwa karibu miaka thelathini alikuwa msoma nyayo katika vitalu vya uwindaji kusini mwa mto. Kila siku alibeba darubini za wageni begani. Kuiweka machoni mwake haikuwa sehemu ya kazi. Sasa ni mzee, analinda shamba la mpunga la ukoo, na tembo hushuka alfajiri. Macho yaliyokuwa yakiona sikio la nyati ndani ya kichaka yamepungua nguvu. Anachotaka ni kuwaona tembo kabla wao hawajamwona. Ndugu zangu, kule kwetu hilo ni suala la kufa na kupona.

Nilipoingia madukani nikakuta bei zinazotofautiana kama mbingu na ardhi, na maboksi yaliyoandikwa namba nisizozielewa. Ikabidi nirudi kwenye historia, na historia ndiyo iliyonionyesha pa kulipia na pa kubana.

Neno darubini ni la Kiajemi: "dur" ni mbali, "bin" ni kuona. Chombo chenyewe kinaanza kuandikwa mwaka 1608, pale Hans Lipperhey, fundi wa miwani wa mji wa Middelburg, Uholanzi, alipoiomba serikali hataza. Wakubwa walimtaka kwanza atengeneze ya kutazamia kwa macho yote mawili. Akatengeneza, akalipwa, lakini hataza akanyimwa kwa kuwa wengine nao walikwisha kuijua kazi hiyo.

Kwa miaka karibu mia mbili na hamsini tatizo lilibaki lile lile: ukitaka kuona mbali sana ubebe bomba refu, ukitaka fupi uridhike na ukuzaji mdogo. Mwaka 1854 Mtaliano Ignazio Porro alisajili njia ya kuikunja nuru ndani ya prizimu, vipande vya kioo vyenye pembe, ili bomba liwe fupi na taswira isimame wima. Wazo lilikuwa zuri, kioo kilikuwa kibaya. Ilibidi kusubiri Ernst Abbe na Otto Schott kule Jena, Ujerumani, wapate kioo safi, na mwaka 1894 kampuni ya Carl Zeiss ikaanza kuuza darubini za prizimu. Ndizo zile zenye mabega mapana ambazo wengi wetu tumeziona kwenye picha za zamani.

Miaka mitano baadaye, Oktoba 1899, vita vya Makaburu na Waingereza vikalipuka hapa Afrika Kusini. Bunduki za wakati huo zilikwisha kuanza kutumia baruti isiyotoa moshi mwingi. Risasi inakuja, na anayefyatua humwoni. Katika nyika hizi zilizo wazi, aliyeona kwanza ndiye aliyerudi nyumbani. Kifaa cha mwindaji kikawa kifaa cha askari.

Mwaka 1914 mambo yakawa makubwa zaidi. Uingereza ilikuwa ikitegemea sana vioo vya Ujerumani, na sasa Ujerumani ni adui. Lord Roberts akalazimika kuwaomba wawindaji na mashabiki wa mbio za farasi waliazime jeshi darubini zao. Vita hivyo vilifika kwetu. Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts alitoka huku Afrika Kusini kwenda kuongoza majeshi ya Uingereza dhidi ya Wajerumani wa Afrika ya Mashariki. Nyuma ya askari walikwenda wapagazi, mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu kati yao hawakurudi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi chao.

Sasa nawarudisha Rufiji. Frederick Selous alifika Afrika Kusini mwaka 1871 akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akawa mwindaji aliyevuma kuliko wote wa zama zake. Tarehe 4 Januari 1917, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano na akipigana upande wa Waingereza, aliuawa Beho Beho kwa risasi ya kichwa. Inasimuliwa kwamba alikuwa ameinua darubini kutafuta alikojificha adui. Inasimuliwa pia kwamba mbeba bunduki wake, Ramazani, alipoona bwana wake ameanguka alikimbilia upande wa risasi zilikotoka, naye akauawa. Mwaka 1922 pori zima likaitwa Selous, na kaburi lake lipo pale hadi leo. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ramazani tumebakiwa na jina lake moja tu. Kila nikimfikiria, namwona mjomba na ule mkanda wa darubini begani, mali ya mtu mwingine.

Baada ya hapo maendeleo yalikuwa ya ndani ya kioo. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss alivumbua utando mwembamba wa kupaka kwenye lenzi ili nuru isirudi nyuma. Mwaka 1945 Wamarekani waliwachukua wataalamu wa Jena kuwapeleka upande wa magharibi, na Warusi wakachukua mitambo. Baadaye Wajapani wakajaza dunia darubini nzuri za bei nafuu. Mwaka 1988 Zeiss wakaleta utando mwingine, wa kurekebisha kasoro ya darubini nyembamba zenye mabomba yaliyonyooka.

Sasa tuitumie historia hiyo dukani.

Namba kama 8x42 maana yake inakuza mara nane, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Gawanya 42 kwa 8, unapata 5.25, huo ndio upana wa nuru inayoingia jichoni. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita saba hivi, ya mzee hukomea kwenye tano. Kwa hiyo 7x50, inayotoa saba, mjomba angelipia na kubeba nuru isiyoingia jichoni mwake. Ukuzaji wa mara kumi unaonyesha mbali zaidi, lakini mkono ukitetemeka kila kitu kinatetemeka, na eneo linaloonekana linapungua. Nane inamtosha.

Pili, umbo. Zile nyembamba zinapendeza, ila kuzitengeneza vizuri ni ghali, na za bei ya chini mara nyingi hukosa ule utando wa 1988. Kwa pesa ile ile, ya mabega mapana ya mtindo wa Porro kwa kawaida huonyesha vizuri zaidi. Tatu, iwe imezibwa na kujazwa naitrojeni, maana masika ya Rufiji yataijaza ukungu ndani. Nne, kama mtumiaji anavaa miwani, jicho liweze kukaa milimita kumi na tano au zaidi kutoka kwenye lenzi na bado lione picha nzima.

Zikimbieni zenye lenzi nyekundu kama damu, na zile zinazodai kukuza mara mia. Hizo ni za kumfurahisha mnunuzi, si macho.

Tena usinunue bila kujaribu. Mimi nilimwomba muuzaji tutoke nje, nikalenga mnara wa Hillbrow, ule wa mita 269 uliokamilika mwaka 1971. Nilitazama ukingo wake dhidi ya anga: ukiona mstari mpana wa zambarau au kijani, kioo ni hafifu. Nikaitazama kwa dakika tano nzima. Kichwa kikianza kuuma, mabomba mawili hayatazami sehemu moja. Nikaitikisa taratibu sikioni. Kikilia kitu, irudishe. Anayenunua iliyotumika afanye hayo hayo. Kuna za zamani za Kijapani na za Jena ambazo bado ni kali kuliko mpya za bei hiyo hiyo, ila nyingi hazikuzibwa dhidi ya maji.

Nilichukua 8x42 ya mabega mapana, iliyozibwa, isiyo na jina kubwa. Bei yake ilikuwa sawa na kodi ya chumba changu Yeoville kwa mwezi mmoja. Niliituma kwa ndugu aliyekuwa akirudi nyumbani, pamoja na risiti kwa ajili ya forodha.

Mjomba alipiga simu baada ya wiki mbili. Hakusifu kioo wala hakuuliza bei. Alisema tembo saba walisimama ng'ambo ya bwawa alfajiri, akawaona mapema, akawaita vijana wapige madebe, wakageuka. Kisha akaniambia kwamba mkanda alioukuta ni mwembamba, unamkata bega. Nimtafutie mpana, maana darubini hiyo haishuki begani.

Nimeshaununua. Kama kuna anayekwenda Dar mwezi ujao, tafadhali tuwasiliane.